Bustani ina wenyewe

Nikimwambia mtu kwamba asubuhi za Jumamosi hupatikana bustanini na reki mkononi, swali lake la kwanza huwa hilo hilo: mmepanda miti mingapi? Sina jibu la kumfurahisha. Tuliyoipanda ikashika ni michache, na ile mikubwa inayotoa kivuli tuliikuta. Kuna mkungu ulioshika kona ya magharibi, miarobaini iliyojipanga kando ya ukuta wa msikiti, na mkwaju mzee ambao shina lake limechongwa majina ya wapenzi ambao sasa, nadhani, wana wajukuu. Kazi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote haikuwa ya jembe. Ilikuwa ni kuwajua watu waliokuwa humo kabla yetu, na kukubali kwamba sisi ndio wageni.

Bustani yenyewe iko kisiwani Mombasa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mji wa Kale. Usiifikirie Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa ikafunguliwa upya Oktoba 2019, wala Uhuru Gardens pale kwenye sanamu za pembe za ndovu, barabara ya Moi, ambako wageni hushuka garini kupiga picha. Hii yetu ni kipande cha ardhi ya umma kilichosalia katikati ya majumba. Ukipita alfajiri utamkuta bi mmoja anakaanga mahamri, sufuria ya mbaazi iko pembeni. Adhuhuri mahamali huegesha mikokoteni yao wakajinyoosha chini ya mkungu mpaka jua lipungue makali. Alasiri watoto wakitoka chuo cha Qurani wanacheza mpira. Jioni huja mzee wa kahawa na dele lake, vikombe vyake na sinia la kashata. Sote twamwita Ami. Usiku hubaki wale ambao mji huwaita mateja, na mlinzi wa duka la jirani.

Sisi wa kujitolea tulikuja baadaye. Mimi ni karani wa kliaringi, kazi ya kukimbia na makaratasi ya makontena mchana kutwa. Kuna walimu, kuna fundi wa friji, kuna wasichana wa chuo kikuu, na mstaafu mmoja wa bandari ambaye bado huamka saa kumi na moja utadhani ana zamu. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa, lakini wenyeji hawa walikuwa wameshapata wageni wa kila namna, na kupona kwao sikukuona.

Kabla yetu, kwa mfano, ilikuja kampuni moja na fulana za rangi moja, bango na spika. Walipanda miche katikati ya uwanja, pale pale watoto wanapochezea, kwa sababu ndipo palipokuwa wazi na picha ingetoka vizuri. Ilikuwa Novemba. Serikali nayo iliitangaza tarehe 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti, katika ule mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032, na sina ugomvi na mpango. Ugomvi wangu ni wa kalenda. Bara pengine Novemba inafaa. Huku Pwani mvua ya kutegemea ni masika, inayoanza Aprili na kufika kilele Mei. Vuli ni ya kubahatisha. Mche wa Novemba unatoka kwenye vuli unaingia moja kwa moja kwenye kaskazi, Januari na Februari, miezi mikavu kuliko yote hapa. Usipopata mtu wa kuumwagilia miezi hiyo, umeuzika ulipoupanda.

Nilimuuliza Ami ile siku ya kampuni ilikuwaje. Alicheka.

"Walituomba tusogee kidogo tusiingie kwenye picha. Tukasogea. Kisha wakaenda zao, nasi tukarudi tulipokuwa."

"Hawakukuuliza kitu, Ami?"

"Wauliza nini muuza kahawa, mwanangu?"

Kumbe kulikuwa na mengi ya kumuuliza. Kisiwa cha Mombasa kimekalia mwamba wa matumbawe. Sehemu nyingi ukichimba kwa jembe unafika goti tu, kisha chuma kinalia. Mti ukipandwa hapo unaishi kwa kudumaa. Ami, kwa miaka aliyokaa hapo, alijua palipo na udongo na palipo na jiwe. Alitupeleka upande wa kusini akatuonyesha ukanda ambao zamani, enzi za baraza la mji, ulikuwa shimo la kutupia taka, likafukiwa. Tulipochimba pale tulikuta udongo mweusi wenye kina. Miche yetu iliyoshika vizuri kuliko yote iko hapo. Hakuna afisa wala mtaalamu ambaye angetupa habari hiyo, maana haikuandikwa popote.

Sasa maji. Mtu wa mbali anaweza kushangaa kwamba mji uliozungukwa na bahari hauna maji, lakini sisi tumezoea. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, Baricho, kando ya Mto Sabaki, Marere, kwenye vilima vya Shimba, na Tiwi, pwani ya kusini. Yakifika yamefika, yasipofika ni mgao, na mwenye mkokoteni wa mitungi ndiye bwana wa mtaa. Mwanzoni tulikuwa tukichanga pesa kununua mitungi ya lita 20 kumwagilia miche. Kiangazi bei hupanda. Na kusema kweli nilikuwa naona haya kumwaga mtungi mzima kwenye mche huku nyumba ya jirani watu wanaoga kwa kikombe.

Fundi wetu wa friji ndiye aliyeutazama msikiti. Msikiti una kisima chake, na maji ya udhu yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji wa wazi hadi barabarani, mara tano kwa siku, mwaka mzima. Maji ya udhu hayana sabuni. Ni mikono, uso, kichwa na miguu, basi. Tulikwenda kwa kamati ya msikiti tukaomba kuyageuza. Kikao kile kilikuwa kirefu. Mmoja aliuliza nani atatengeneza bomba likipasuka, mwingine akataka kujua kama jina la msikiti litaandikwa kwenye bango la mtu. Yalikuwa maswali ya haki, hasa hilo la bango. Aliyemaliza mjadala ni mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote, akakumbusha hadithi ya Mtume, kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Akaongeza la kwake: "Na hiki kivuli hata sisi twakikalia tukingoja Laasiri."

Bomba likavutwa hadi kwenye tangi chini ya ukuta, na tangi likatiwa koki ya kuchotea. Kisima hicho, kama vilivyo visima vingi vya kisiwani, kina maji ya chumvichumvi, kwa hivyo ilibidi miti ichaguliwe kwa maji. Mkungu hauna taabu na chumvi, mnazi ndio kabisa. Miche ya maua tuliyoletewa na mfadhili mmoja, ile inayopendeza kwenye vitalu vya barabarani, ilikunja majani ikafa. Mwezi wa Ramadhani tangi hufurika, maana msikiti hujaa hadi baada ya tarawehe, na hapo ndipo tunapowapa maji hata mahamali wanaosha mikokoteni.

Kuna namna ya kumwagilia pia. Wengi hunyunyiza kidogo kila jioni, udongo wa juu unalowa, mizizi inabaki juu juu kuyafuata maji, kisha jua la siku moja linaichoma. Afadhali ukae siku mbili tatu kisha umwage mengi polepole yafike chini. Tunatoboa chupa za plastiki kwenye kifuniko, tunakata kitako, tunazichomeka kichwa chini kando ya mche. Unajaza, maji yanadondoka yenyewe. Chupa hatujawahi kuzinunua. Nitafika huko.

Jambo lililotugawa kweli kweli lilikuwa majani. Mkungu una tabia ya kugeuza majani yake mekundu na kuyaangusha yote kwa pamoja, makubwa kama visahani, na chini pakawa zulia. Yule bi wa mahamri hufagia kwa fagio la chelewa kila alfajiri, anakusanya lundo, anatia moto. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo sote tulivyolelewa: uwanja uliofagiwa una mtu, usiofagiwa ni gofu. Lakini moto ule ulikuwa unaunguza gamba la mti upande mmoja, na ardhi chini yake ilikuwa ngumu hata mvua haiingii.

Mmoja wa walimu alileta habari za Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kuotesha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Katika miti aliyoijaribu, mvinje ndio uliostahimili. Shida ikawa majani ya mivinje: yalirundikana chini hayaozi. Alicholeta ni majongoo. Majongoo wakala yale majani makavu, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na miaka ikapita pakawa msitu ambao leo watu hulipa kiingilio kuutembelea, Haller Park. Watu wa Mombasa tumepelekwa huko na shule kutazama twiga na viboko. Habari ya jongoo wengi hatukuambiwa, na hiyo ndiyo habari.

Tukamwendea bi kwa adabu. Alitusikiliza akiwa anageuza mahamri.

"Mwanangu, hayo ya Bamburi ni ya Bamburi. Hapa kwenye majani hulala nge. Na mtoto hucheza miguu mitupu."

Alikuwa na haki, na mwalimu wetu na elimu yake hakuwa na jibu. Tulikaa na jambo hilo kwa muda. Mwisho bi mwenyewe ndiye aliyetoa njia: majani yafagiwe kutoka njiani na uwanjani, yarundikwe chini ya miti ndani ya duara la mawe, na watoto waonywe wasivuke mawe. Yeye ndiye anayewaonya, na wanamwogopa kuliko imamu. Moto umekwisha. Ukifukua majani ya chini sasa utakuta unyevu hata wakati wa jua, na majongoo wamekuja wenyewe bila kuletwa na mtu.

Niseme kidogo juu ya takataka, kwa sababu ndiyo kazi inayoonekana na ndiyo inayochosha. Mifuko ya plastiki iliyokuwa ikining'inia matawini, tangu marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017, imepungua sana; nawaambia vijana wa kikundi chetu kwamba zamani miti ya mji huu ilivaa mifuko na hawaamini. Zilizobaki ni chupa, nepi za watoto, na vijifuko vya muguka, majani yanayotafunwa kama miraa. Mei 2024 gavana wa Mombasa alitoa amri ya kuipiga muguka marufuku kaunti nzima, mahakama ikaisimamisha amri hiyo muda si muda, na maskani ya watafunaji chini ya mkwaju haikukatika hata siku moja katika vurumai lote lile.

Wapo waliotaka vijana wa maskani wafukuzwe. Walisema huwezi kutunza bustani na watafunaji wamekaa humo kutwa. Mimi naona kinyume. Hao ndio wanaokaa humo kutwa. Anayekuja Jumamosi kwa saa mbili na glavu hajui nani alivunja tawi Jumanne. Tuliwapelekea magunia mawili, moja la chupa na moja la mengineyo, tukawaachia wafunge wanapopenda. Chupa zina mnunuzi kwa kilo, pesa ni yao. Tunachoomba sisi ni zile chache za kumwagilia. Gunia la chupa hujaa. Lile la pili bado ni vita, sitadanganya.

Na wa usiku? Hapo pana hatari ya kweli, kwa sababu ya sindano. Kanuni yetu ni kwamba hakuna anayeingiza mkono kwenye majani au nyasi asipopaona. Sindano haishikwi hata kwa glavu za kitambaa. Inaokotwa kwa koleo, inaingizwa kwenye dumu gumu lenye kifuniko, haifunikwi tena kwa kifuniko chake, na dumu linapelekwa kwenye kituo cha afya. Watoto na wanafunzi hawagusi kazi hiyo. Mmoja wa hao wa usiku, kijana aliyekuwa fundi bomba kabla ya unga kumshika, ndiye aliyetuonyesha kwamba bomba letu la tangi lilikuwa linavuja chini ya ardhi. Aliskia sauti ya maji akiwa amelala. Alilirekebisha kwa mpira wa tairi ya baiskeli na bado limeshika.

Kunguru sijui niseme nini. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi, walikuja wakajaa pwani nzima, na wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza nia ya kuangamiza kunguru milioni moja. Sisi uwezo wetu ni kufunika pipa. Pipa lenye mfuniko mzito limefanya kazi kuliko kelele zetu zote.

Kuna jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nishikilie msimamo huu wa watu. Mji huu umepoteza viwanja vingi vya umma. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria nchini kote, na hakuna mtu wa Mombasa aliyeisoma akashangaa. Kila mtu ana kiwanja alichochezea utotoni ambacho sasa ni ghorofa. Uhuru Park ya Nairobi ilinusurika jengo la orofa 60 mwaka 1989 kwa sababu Wangari Maathai hakunyamaza, lakini bustani ndogo haina Wangari. Ina nani? Ina Ami, ina bi wa mahamri, ina wale watoto na mpira wao. Asubuhi moja walikuja watu na utepe wa kupimia na vigingi. Sisi wote tulikuwa kazini. Waliowauliza karatasi ni mahamali. Wale watu wakasema watarudi nazo.

Baada ya hapo tulikwenda kutafuta namba ya kiwanja na ramani, tukaandikia kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka bustani, fuo na viwanja vya burudani vya kaunti chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo aliyejitolea hata awe na nia njema kiasi gani hana ruhusa ya kujenga, kukata mti wala kuzungushia ua bila barua. Barua ilichelewa, ikaja. Nakala moja iko kwa kamati ya msikiti, moja iko kwa Ami, kwenye bati la kashata, imefungwa kwenye nailoni. Niliona ajabu alipotaka kuiweka hapo, lakini yeye ndiye anayekuwepo.

Sasa hivi tunabishana juu ya ua. Baadhi yetu, na wana sababu zao, wanataka ukuta mfupi wa vyuma na lango linalofungwa saa moja usiku: miche haitakanyagwa, sindano zitapungua, na mfadhili mmoja yuko tayari kulipa. Wengine tunaona ua utamwacha nje kila mtu aliyeifanya bustani ibaki bustani. Kikao cha mwisho tulikifanya pale pale, baada ya Isha, juu ya mikeka. Mwalimu alieleza mpango wote kwa mchoro, vizuri sana. Ami alikuwa anazungusha vikombe. Alipofika kwa mwalimu akamuuliza ufunguo utakaa kwa nani.

Mwalimu alisema hilo litajadiliwa. Mstaafu wa bandari akasema lijadiliwe kwanza, kabla ya vyuma. Tukapiga kura ya kuahirisha, tukaingia kwenye hesabu ya mpira wa kumwagilia, ambao umepasuka sehemu mbili na hauwezi kungoja kaskazi.